Muuguzi Tabibu wa Watoto: Istilahi na Mafunzo Yake ya Uzamili

Muuguzi tabibu wa watoto ni muuguzi aliyesajiliwa ambaye, baada ya shahada ya kwanza ya uuguzi, amesoma shahada ya juu iliyompa ujuzi na mamlaka ya kisheria ya kumpima mtoto, kuutambua ugonjwa wake, kuagiza vipimo, kuandika dawa na kumfuatilia hadi apone au apewe rufaa kwa daktari bingwa. Kada hii ilizaliwa Marekani, ambako huitwa “pediatric nurse practitioner”, na jina hilo la maneno matatu ndilo linalochunguzwa hapa, kwa kuwa kila neno lake, likigeuzwa kwa Kiswahili kwa haraka, huangukia mahali ambapo tayari pana mtu mwingine, ama mwenye cheo chake hospitalini, ama mwenye kazi isiyohusiana na tiba hata kidogo. Ugumu huo haumalizwi na kamusi peke yake. Jina la kada hutokana na kile ambacho mwenye jina amefundishwa kukifanya na kuruhusiwa kukifanya, na kwa hiyo anayetaka kulitafsiri hana budi kuyapitia kwanza mafunzo yenyewe.

Neno la msingi, muuguzi, limetokana na kitenzi kuuguza, yaani kumhudumia mgonjwa, na kitenzi hicho bado kinatumika nje ya hospitali kwa maana ile ile ya zamani: mtu humuuguza mzazi wake nyumbani bila cheti wala sare, na majirani humpa pole ya kuuguza. Kwa sababu hiyo, ingawa muuguzi wa leo ni mtu aliyesomea kazi, akala kiapo na kusajiliwa na baraza, neno lenyewe linaendelea kubeba sura ya mtu aliye kando ya kitanda, anayeogesha, anayebadilisha shuka, anayechoma sindano iliyoagizwa na mwingine. Sura hiyo si ya kudharauliwa, lakini ina pengo moja, nalo ni kwamba haimwonyeshi muuguzi akiamua. Anayeamua, katika fikra za wengi, ni daktari, na ndiyo maana katika zahanati nyingi za vijijini yeyote anayemwandikia mgonjwa dawa huitwa daktari, hata kama kitambulisho alichokivaa kinasema vingine. Istilahi inayotafutwa inapaswa kuliziba pengo hilo bila kumng’oa muuguzi katika uuguzi wake.

Kazi ngumu imo katika neno “practitioner”. Katika Kiingereza cha sheria na cha tiba, neno hili halimaanishi mtu anayefanya mazoezi, wala mtu wa vitendo aliye kinyume cha mtu wa nadharia, bali humtaja mtu aliyeruhusiwa kuendesha taaluma kwa dhamana yake mwenyewe, ambaye uamuzi akiutoa ni yeye atakayeulizwa. Mfasiri anayelitazama juujuu huandika “muuguzi mtendaji”, na msomaji wa Tanzania, ambaye kila siku husikia habari za mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, ataelewa kwamba huyo ni msimamizi wa ofisi fulani ya wauguzi. “Muuguzi mzoefu” hutaja miaka aliyokaa kazini, wakati mtu anaweza kukaa wodini miaka 30 akaheshimiwa na wote bila kuwa na mamlaka ya kuandika dawa hata moja. “Muuguzi mtaalamu” nalo halisaidii, kwa maana kila muuguzi aliyesajiliwa ni mtaalamu, na kumwita mmoja hivyo ni kuwavua wenzake taaluma yao.

Lililo na watetezi wengi zaidi ni “muuguzi bingwa”, kwa kuwa Kiswahili cha hospitali kimeshalizoea neno daktari bingwa. Hata hivyo, ubingwa ni kina cha ujuzi katika eneo moja, na kuna kada nyingine ya uuguzi ambayo neno hilo linaifaa zaidi. Mwaka 2008 vyombo vya uuguzi vya Marekani vilikubaliana mfumo mmoja wa kutambua uuguzi wa ngazi ya juu, na mfumo huo ukataja kada nne: anayetibu kwa dhamana yake, ambaye ndiye mhusika wa makala hii, bingwa wa kliniki, ambaye kazi yake kubwa ni kuinua ubora wa huduma katika eneo moja la maradhi, kuwaongoza wauguzi wengine na kushauri juu ya wagonjwa wenye hali ngumu, muuguzi wa dawa za usingizi, na muuguzi mkunga. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, nalo limewatenganisha wawili wa kwanza kwa makusudi, baada ya kuona kwamba nchi nyingi huwachanganya. Kiswahili kikimwita anayetibu “muuguzi bingwa”, kitakosa jina la bingwa wa kliniki siku kitakapomhitaji, na wawili waliotenganishwa kwa jitihada kubwa watarudi kuwa kitu kimoja kwa uzembe wa istilahi.

Asili ya kada hii inaonyesha kwa nini mamlaka ya kuamua ndiyo kiini chake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi wa afya ya jamii Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya aina hii duniani, na yalikuwa ya watoto tangu siku ya kwanza. Matawi ya familia, ya watu wazima na mengineyo yalifuata baadaye. Ford alikuwa amefanya kazi katika maeneo ya mashambani ya jimbo hilo, ambako madaktari walikuwa wachache na kliniki za watoto ziliendeshwa na wauguzi, ambao kwa kweli walikuwa wakitambua magonjwa kila siku ingawa hakuna aliyewaruhusu kukiita kitendo hicho kwa jina lake. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria za bima ya afya ya wazee na ya watu wa kipato cha chini, na mahitaji ya huduma za msingi yakapanda kwa ghafla kuliko idadi ya madaktari. Mafunzo ya Colorado yaliwachukua wauguzi wenye shahada, yakawapa miezi minne ya masomo na vitendo kwa nguvu zote, kisha yakawarudisha kwenye vituo vya jamii kufanya kazi chini ya uangalizi: kupima ukuaji, kutoa chanjo, kuwashauri wazazi juu ya lishe na malezi, na kutibu maradhi ya kawaida ya utotoni.

Upinzani ulikuwapo, na haukutoka kwa madaktari pekee. Miongoni mwa wakali zaidi walikuwa walimu wa uuguzi wenyewe, walioona kwamba muuguzi anayeshika stethoskopu ili kutambua ugonjwa ameikimbia taaluma yake na kuwa daktari nusu. Jibu la Ford, alilolishikilia hadi alipofariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 104, lilikuwa kwamba hiyo ni kazi ya uuguzi iliyopanuliwa kutoka ndani yake, si kipande cha udaktari kilichopewa muuguzi kwa huruma. Ubishi huo uliligusa jina pia, kwa kuwa katika miaka ya mwanzo wengine walitaka waitwe wauguzi washirika, jina linalomweka muuguzi ubavuni mwa daktari, na chama chao cha kitaifa, kilichoundwa mwaka 1973, kilianza kwa kubeba majina yote mawili kabla ya lile la ushirika kuachwa. Kisa hicho kinamfundisha mfasiri jambo la maana: wenye jina walilichagua kwa sababu linataja dhamana, na tafsiri inayoiacha dhamana nje imeacha kile hasa walichokipigania.

Miezi minne ya Colorado haikudumu. Kozi fupi za vyeti zilienea, zikatofautiana mno kwa ubora, na katika miongo iliyofuata mafunzo yakahamia vyuo vikuu na kuwa ya ngazi ya uzamili. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipotoa fasili yake mwaka 2002 lilipendekeza shahada ya uzamili kama ngazi ya kuingilia, na mwaka 2020 likaifanya kuwa kiwango cha chini kabisa. Hapa pana mtego mwingine wa lugha unaostahili kutajwa. Wamarekani huita masomo haya kwa neno “graduate”, ambalo kwa Waingereza, na kwa vyuo vya Afrika Mashariki vilivyorithi mfumo wao, humaanisha tu mtu aliyehitimu, na hivyo maandishi yao yakitafsiriwa neno kwa neno huzaa “mafunzo ya wahitimu”, kana kwamba ni semina ya waliomaliza chuo. Kinachokusudiwa ni mafunzo ya uzamili, yaani masomo yanayofuata shahada ya kwanza na kuishia katika shahada nyingine. Ndani yake mna njia mbili: shahada ya uzamili ya uuguzi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 2 hadi 3, na shahada ya udaktari wa utendaji wa uuguzi, ambayo kwa anayetoka shahada ya kwanza huchukua miaka 3 au 4. Hii ya pili si uzamivu kwa maana ya utafiti unaoishia na tasnifu ya kuongeza elimu mpya, kwa kuwa imekusudiwa kumfikisha muuguzi katika kilele cha kutibu na kuongoza huduma, na kuiita uzamivu bila maelezo ni kuwapotosha wasomaji. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikibishana tangu mwaka 2004 kama iwe ndiyo mlango pekee wa kuingilia kada hii, na shahada ya uzamili bado inapokelewa.

Yanayofundishwa yanajengwa juu ya masomo matatu ya pamoja kwa kada zote nne: elimu ya mwili unavyovurugwa na ugonjwa, elimu ya dawa, na ufundi wa kumpima mgonjwa kutoka utosini hadi unyayoni, yote kwa kiwango cha juu kuliko cha shahada ya kwanza. Juu ya msingi huo hupandishwa yale ya watoto, nayo ni mengi kuliko msomaji wa kawaida anavyodhani, maana mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kupumua mara 50 kwa dakika ni hali ya kawaida kwa mtoto wa mwezi mmoja, ilhali kwa mtoto wa miaka 2 ni dalili ya hatari. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ya kupumua kwa haraka kuwa mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, mara 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na mara 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, na namba hizo tatu, zikihesabiwa kwa saa ya mkononi na mtu anayejua maana yake, huugundua ugonjwa wa nimonia mahali pasipo na mashine ya eksirei. Dawa nazo hupimwa kwa uzito: parasetamoli ya miligramu 15 kwa kila kilo humpa mtoto wa kilo 10 miligramu 150, na nukta moja ikiwekwa pasipo pake, dozi huzidi mara kumi. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa, kwa hiyo baadhi ya dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko katika mwili wa kaka yake wa miaka 5.

Kuna jingine ambalo vitabu vya tiba ya watu wazima havina haja ya kulieleza, nalo ni kwamba mgonjwa wa muuguzi huyu aghalabu hajielezi mwenyewe. Historia ya ugonjwa hutolewa na mama, bibi au yaya, kila mmoja kwa kadiri alivyoona, na mwanafunzi hana budi kujifunza kuusikiliza wasiwasi wa mzazi kama dalili mojawapo, kisha kuupima kwa macho na mikono yake. Hujifunza hatua za ukuaji, yaani umri ambao mtoto hutarajiwa kukaa, kusimama, kutamka na kucheza na wenzake, ili akiona mtoto amechelewa ajue kama ni wa kusubiriwa au wa kuchunguzwa. Hujifunza ratiba za chanjo, lishe, afya ya akili ya vijana, na namna ya kutambua mtoto anayeumizwa na watu wa nyumbani kwake. Sehemu hii ya mafunzo ndiyo iliyo na alama ya uuguzi waziwazi kuliko nyingine, na inatosha kuwajibu waliodai kwamba muuguzi anayetibu ameuacha uuguzi.

Vitendo hufanyika kliniki na wodini chini ya mwelekezi, ambaye ni daktari au muuguzi wa kada hiyo aliyekwisha kubobea, anayekaa na mwanafunzi mbele ya mgonjwa, akamwacha aanze, kisha akamuuliza kwa nini ameamua hivyo. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa saa 500 za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana. Viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vilikipandisha hadi saa 750, na anayesoma hadi shahada ya udaktari kwa kawaida hutakiwa kufikisha saa 1,000 za vitendo. Wakosoaji husema saa hizo ni chache zikilinganishwa na za daktari anayesomea ubingwa wa watoto, na hoja yao ina uzito, ingawa ni haki kukumbuka kwamba mwanafunzi huyu huingia darasani akiwa tayari ni muuguzi mwenye leseni, na wengi wao wameshafanya kazi wodini kwa miaka.

Katika mafunzo haya mna matawi mawili, yaani huduma za msingi, ambazo ni za kliniki, chanjo, ukuaji na maradhi ya kila siku, na huduma za wagonjwa wa hali kali, za mtoto aliyelazwa ambaye hali yake inaweza kubadilika wakati wowote. Mtoto njiti na mtoto mchanga mgonjwa wana kada yao tofauti. Kuhusu neno watoto lenyewe, kada hii ya Marekani huhudumia tangu kuzaliwa hadi miaka 21, wakati hospitali nyingi za Afrika Mashariki humhamishia kijana wodi ya wakubwa mapema kuliko hapo, na hivyo “wa watoto” katika istilahi hii inahitaji kueleweka kwa upana kuliko inavyosomeka mlangoni mwa wodi.

Shahada peke yake haimruhusu mtu kutibu. Baada ya chuo, mhitimu hufanya mtihani wa bodi ya kitaifa ya uuguzi wa watoto, chombo kilichoundwa mwaka 1975, kisha huomba leseni katika jimbo analotaka kufanyia kazi. Kiswahili cha kila siku huviita vitu hivi vyote vyeti, lakini mwandishi makini atatenganisha shahada, inayotolewa na chuo, na ithibati ya umahiri, inayotolewa na bodi ya taaluma, na leseni, inayotolewa na serikali. Majimbo yanatofautiana: katika zaidi ya nusu yake muuguzi huyu hutibu na kuandika dawa bila kuhitaji mkataba na daktari, na katika mengine hudaiwa kuwa na daktari wa kushirikiana naye au wa kumsimamia.

Afrika Mashariki imelijibu tatizo lile lile la uhaba wa madaktari kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayoitia doa istilahi inayopendekezwa hapa. Tanzania ina afisa tabibu, na Kenya ina kada hiyo hiyo ambayo mara nyingi huitwa afisa wa kliniki: mtu aliyesoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3 baada ya sekondari, anayetambua magonjwa na kuandika dawa, na ambaye kwa watoto wengi wa vijijini ndiye wa kwanza na wa mwisho kuwaona. Neno tabibu, lililotoka katika Kiarabu ambako humaanisha daktari, na ambalo Waswahili wa pwani na wa Oman hulielewa hivyo hadi leo, kwa hiyo limeshapata mwenyewe katika utumishi wa serikali. Wauguzi wa watoto nao wapo: Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto, na Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili ya uuguzi yenye mchepuo wa watoto. Lakini mafunzo ya uuguzi wa watoto ni kitu kimoja, na mamlaka ya kutibu kwa dhamana yako mwenyewe ni kitu kingine, na kumwita kila aliyesomea la kwanza kwa jina la la pili ni kumpa cheo ambacho sheria haijampa.

Je, neno tabibu liepukwe kwa kuwa lina mwenyewe? Hoja ya kuliepuka si dhaifu, maana mgonjwa anaweza kudhani kwamba muuguzi tabibu ni afisa tabibu aliyevaa sare nyingine. Hata hivyo, maneno mengine yote yaliyopimwa hapo juu hukosea katika jambo kubwa zaidi, kwa kuwa hayataji kutibu kabisa, ilhali hili linakosea katika jambo dogo tu, la kufanana na jina la jirani, na jirani huyo kwa kweli anafanya kazi inayolingana kwa sehemu kubwa. Tena neno muuguzi, likitangulia, linaeleza mtu alikotokea, kwamba ni mtu wa uuguzi aliyepanda hadi kwenye utabibu, na halisemi kwamba ni tabibu aliyejifunza kuuguza. Sharti ni moja, nalo ni kwamba “tabibu” lisitumike peke yake kumtaja mtu huyu, wala kwa kufupisha katika maongezi ya wodini, wala katika tangazo la kazi.

Mabaraza ya uuguzi ya nchi zetu, kabla ya kuandaa mitaala ya kada hii, yangefanya vyema kulikubali jina kwanza na kuliandika katika kanuni zao, ili chuo kisitumie jina moja, wizara jingine, na gazeti la tatu. Wingi wake uwe wauguzi tabibu wa watoto, kama wasemwavyo madaktari bingwa, ambapo neno la pili halibadiliki, na taaluma yenyewe iitwe uuguzi tabibu wa watoto.